Hatua ya Sita

Kiwandani walimwita Bi Hatua, maana kwa miaka kumi na miwili alikuwa akiandika miongozo ya mashine za kusaga: hatua ya kwanza fanya hivi, ya pili fanya vile. Mji wao ulikuwa na kiwanda kimoja tu chenye haja na kazi hiyo, na mkataba wake ulikuwa unakwisha mwisho wa mwezi. Meneja alishamwambia hautaongezwa. Mji mkuu ndiko waandishi wa miongozo walikokuwa wakigombewa. Wino wa mkataba mmoja haujakauka, mwingine unabisha hodi. Bi Hatua alituma maombi matatu huko, hakujibiwa hata moja.

Aliyejibiwa ni wifi yake.

Hapo ndipo roho ilipomuuma. Wifi huyo, dada wa mumewe, Bi Hatua mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, tena bure, kwenye meza ya kulia chakula. Leo anatuma picha za ofisi yenye zulia, na mume anazitembeza kwa majirani: "Dada yangu huyo!" Bi Hatua alicheka nao, meno nje, nyongo ndani.

Jumatatu wifi akatuma mwongozo wa mashine mpya. "Wifi yangu kipenzi, nipitishie macho, nawasilisha Ijumaa. Nikosoe kama zamani, usinionee haya."

Bi Hatua akasoma. Hatua ya sita: fungua kifuniko cha mkanda. Hatua ya saba: zima swichi kuu. Yaani mtu atie mkono mashine ikizunguka! Akataka kuandika, akalikumbuka lile zulia.

"Mwache aumbuke kidogo," alijiambia. "Si amekuwa mkubwa? Wahandisi wataliona kosa hilo kabla halijachapwa."

Akarekebisha mikato miwili, akajibu: "Safi sana, wifi. Sina la kuongeza." Siku nne alishinda akiimba jikoni.

Ijumaa alasiri simu ikalia.

"Wifi, hatua ya sita na ya saba hukuziona?"

"Zina nini?"

"Zimepinduliwa makusudi! Mkuu wa idara ndiye aliyezipindua. Wanatafuta mhakiki, mkataba wa miaka miwili, unafanyia hukohuko nyumbani. Mimi nikakutaja wewe. Walinikataza kukwambia kuwa ni mtihani. Nikawaapia, huyu ndiye aliyenifundisha, kosa kama hilo halimpiti."

Bi Hatua akatafuta kiti. Neno "niliziona" lilimfika kwenye ncha ya ulimi. Lakini akisema aliziona, ataulizwa mbona alinyamaza, na jibu lilikuwa moja tu.

"Macho, wifi," alisema. "Siku hizi macho yananisumbua."

"Masikini! Si ungesema?"

Mwisho wa mwezi, siku mbili baada ya Bi Hatua kukabidhi funguo za ofisi, wifi alikuja kuwasalimu. Alikuwa na kiboksi mkononi, na ndani yake miwani ya kusomea, fremu nzuri, ya bei. Mume akafurahi kupita kiasi.

"Vaa tukuone, mke wangu!"

Akaivaa. Macho yake hayakuwa na kasoro hata chembe, kwa hiyo sebule nzima ilimpotea, na uso wa wifi ukawa ukungu mtupu.

"Unaona vizuri sasa?" wifi akauliza.

"Vizuri sana," akasema Bi Hatua. "Ahsante, wifi yangu."