Jiwe la Mpaka wa Harrowby

Maksai walikwama tena kwenye theluji iliyochanganyika na matope. Kezia Pratt, aliyelazwa kwenye majani makavu ndani ya gari, aliuma blanketi asipige kelele. Konstebo Obadia Thrall alichapa maksai bila kugeuka. Kazi hii ya kuwahamisha maskini wa kuja nje ya mpaka wa mji hakuiomba. Mkutano wa mji ulimchagua mwezi Machi, watu wakinyoosha mikono huku wanacheka, kwa kuwa wenye uwezo walishaikwepa kwa kulipa faini.

"Obadia, simamisha," alisema Kezia. "Mtoto anatoka."

"Usisimame," alisema Shemasi Whitlock, juu ya farasi. "Akizaliwa Harrowby, kwa sheria ni mzigo wetu mpaka akue. Miezi kumi na moja humu, mama, umekosa hata wa kukuoa?"

"Miezi kumi na moja nafua mashuka yako, Shemasi."

Shemasi akafuta pua kwa glavu.

Obadia alimjua Kezia vizuri. Mkewe alipokufa kwa ndui, wanawake wa kanisani walisalia mlangoni wakiomba. Kezia ndiye aliyeingia akamwosha.

Hatua arobaini kabla ya jiwe la mpaka, mtoto akatoka. Obadia aliruka akamfunika kwa koti lake.

"Msichana. Niazime kisu, Shemasi."

"Kitovu hakijakatwa?"

"Bado."

"Basi hajazaliwa. Endesha gari."

"Shemasi, si unamsikia analia?"

"Ninachosikia ni konstebo anayekaidi amri. Nikikushtaki kwa hakimu, shamba litakubakia?"

Obadia alirudi mbele ya gari. Akawavuta maksai. Gari liliruka kwenye mashimo, damu ikichuruzika kati ya mbao, na Kezia akambana mtoto tumboni ili kile kilichowaunganisha kisikatike vibaya. Ikawa hivyo kwa hatua zote arobaini.

Walipolipita jiwe, Shemasi akarusha kisu, akageuza farasi. Alikuwa na kikao cha kanisa.

Upande wa pili alikuwa amesimama konstebo wa Stenfield, mji jirani, na fimbo yake nyeusi ya kazi, amengoja tangu asubuhi. Alisubiri kitovu kikatwe. Kisha akakunjua karatasi, akamsomea Kezia: aondoke Stenfield ndani ya siku kumi na nne.

"Na huyu mdogo anaitwa nani? Siwezi kumfukuza mtu asiye na jina."

Kezia alilivuta koti la Obadia, akamfunika mtoto kichwa.

"Basi nitaandika mtoto wa Pratt." Akatafuta mahali pa kuegemeza karatasi, hapakuwapo. "Mwenzangu, hebu inama kidogo niandikie mgongoni mwako."

Obadia akainama.