Ekzosi Mbili na Mke Mmoja

Mimi sina ugonjwa mwingine ila pikipiki. Yangu ni ya safari ndefu, ina masanduku ubavuni na kiti cha nyuma kipana alichokichagua mke wangu mwenyewe. Kwenye kiti hicho yeye huongea tangu tunapoondoka hadi tunapofika, nami humwitikia kwa kutikisa kichwa. Ndivyo tunavyosafiri, mwaka wa kumi na moja huu.

Tulikuwa tuondoke wiki iliyofuata, siku tisa, bila watoto. Nikaona aibu kwenda na ekzosi za kiwandani, zinazolia kama mtu anayepiga hodi kwa wakwe. Nikamburuta mke wangu hadi kwa fundi.

"Hizi unachomeka nyuma tu, injini haiguswi," fundi alisema, akafunga jozi nyeusi. Nilipowasha, kopo la misumari likaanguka lenyewe kutoka rafuni. Raha niliyoipata siwezi kuificha.

"Panda, mama watoto, tukazijaribu."

Tulizunguka mtaa mzima. Alikuwa akiongea nyuma yangu, nami nikatikisa kichwa kama kawaida. Tuliporudi alishuka ametulia mno, nikaanza kuingiwa na wasiwasi.

"Umenisikia?"

"Kila neno!"

"Nimekuuliza, nibaki nyumbani uende peke yako? Ukakubali. Nimekuuliza mara tatu, baba watoto! Mara ya tatu umekubali mpaka helmeti yako ikanigonga."

Fundi akaanza kutafuta spana aliyokuwa ameishika mkononi.

Jasho lilinitoka. Siku tisa bila sauti yake nyuma ya shingo yangu! Ningeongea na nani, masanduku?

"Fundi, toa hizo. Nifungie nyingine, zozote zile."

Nikaenda kunywa maji nipoe. Niliporudi, nyingine zilishafungwa, zinang'aa, na mke wangu yuko kitini tayari.

Tukazunguka tena. "Begi limelegea," alisema, nikasikia. "Na kona ile umeikata vibaya." Nikasikia pia, nikafurahi karibu nilie.

"Hizi ndizo!" nilimwambia fundi. "Zina sauti nzito, ya kiume, na bado namsikia mwenzangu. Umezitoa wapi?"

Fundi akamtazama mke wangu. Mke wangu akaficha mgongoni kitambaa chenye dawa ya kung'arishia.

"Umekuja nazo," fundi alisema.

Nikatikisa kichwa.