Bandi ya Ubavuni

...na huyu mpiga picha naye, si angewapanga tu wima kama watu wa picha za kitambulisho, wamalize, waende zao ukumbini, lakini wapi, bustani nzima ina miti kuanzia getini mpaka kule bwawani, na yeye kaona tawi la juu, bibi harusi alishike kwa mkono wa kushoto, wa kushoto jamani, na dada mtu kwenye benchi nyuma ya vichaka anaukumbatia mkoba wake akiomba wingu lile lisiondoke, maana mpiga picha amesema, "Tusubiri jua kidogo, likitoka tu, mkono juu," na mkono ukienda juu gauni litaachia, kutoka kwapani mpaka kiunoni, mbele ya mama mkwe na mawifi na hao watu wanaokimbia mazoezi, kwa sababu ubavu ule haukushonwa, umepigwa bandi tu, zile hatua ndefu za sindano za kushikiza kitambaa kikingojea cherehani, na cherehani haikupita, na haikupita si kwa kusahau... usahau wewe, fundi mzima?... alijua, asubuhi kalipiga pasi mwenyewe, uzi mweupe kwenye kitambaa cheupe, nani angeona, akamvalisha mdogo wake, akamfunga vifungo vya mgongoni kimoja kimoja, mtoto akageuka kwenye kioo akauliza, "Nimependeza?" naye akasema umependeza, na ulimi haukukatika.

Na yote kwa neno moja. Siku ya kujipima, mama mkwe amekaa pale dukani kwenye kiti cha wateja, ndiyo kwanza anamwona, anauliza na huyu ni nani, na mtoto huyu, aliyembeba mgongoni tangu mama yao alipofariki, aliyemshonea sare za shule kwa mabaki ya vitambaa, akajibu bila hata kumeza mate, "Huyu ndiye fundi wangu"... fundi wangu, hakusema dada, hakusema hata ndugu, kumbe amepata wakwe wenye magari, dada mwenye vidole vilivyotobolewa na sindano anamtia aibu, haya, fundi atakuonyesha ufundi, ndivyo alivyosema moyoni siku ile, akaizima cherehani, akalala usingizi, ndiyo, akalala... hasira hasara, lakini hasara yenyewe kumbe anavalishwa mwingine...

"Jamani, fundi yuko wapi?" Sauti ya mdogo wake, kule chini ya mti. "Picha hii siipigi bila yeye."

"Mwache fundi wa watu apumzike," anasema wifi mmoja.

"Fundi gani? Huyo ni dada yangu, tumbo moja! Ndiye mama yangu huyo. Ila dukani ukimwita dada anakufinya, amri yake tangu nikiwa mdogo, mpaka leo naogopa." Wanacheka wote, mama mkwe naye anacheka, anasema ooh kumbe, na mimi siku ile namwangalia tu...

...anakufinya... ee, alimfinya, sikio hili la kulia, kitoto kimesimama mlangoni kinalia dada nina njaa, na mteja anaangalia pembeni, anakunja kitambaa chake, anaondoka, kwani hapa ni pa watoto, na yeye binti wa watu hana hata mlo wa jioni, akakivuta ndani, "Hapa kazini mimi si dada yako, mimi ni fundi, umesikia?" na mtoto akasikia, hakukosea hata siku moja, mbele ya mteja yeyote, na siku ile kiti cha mteja kilikuwa na mtu... mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, methali anaijua sana, anawatajia wenzake kila siku, aibu gani hii, ardhi na ipasuke, na wingu limeanza kupungua ukingoni, vidole vinapapasa ukosi, sindano ipo, ipo siku zote, uzi upo, lakini tundu halionekani, macho yamejaa maji, analamba uzi, unapita kando, analamba tena...

"Bado kidogo," anasema mpiga picha.

"Dada! Njoo basi!"

...nakuja, mama, usiinue mkono, nakuja, nilikufanyia kusudi, nitakwambia sikioni nikishona, lile lile nililolifinya, usiinue tu mkono.