Kofia ya Ngurumo

Kwa heshima zote zinazostahili cheo chake, natamka kwamba Preston Hale, mhariri wa jarida la katuni la shule yetu, alimvua shujaa wangu kofia akiwa usingizini.

Shujaa huyo anaitwa Ngurumo. Ni msichana mweusi wa Baltimore, kama mimi, na mchana huinua mabasi kwa mkono mmoja. Kwenye ukurasa wa tatu wa hadithi yangu amelala, kavaa kofia ya satini ya kulalia, kwa sababu hata mwenye nguvu za radi hataki kuamka nywele zimekatikia kwenye foronya. Kwetu mtoto wa miaka mitatu anajua hilo.

Kwenye jarida letu mchoraji huchora kwa wino, mhariri hupaka rangi. Kurasa ziliporudi Jumatatu, kofia ilikuwa imefutwa na nywele zimemwagika juu ya mto wa kulalia kama za binti mfalme. Isitoshe, Ngurumo, bibi yake na kaka yake walipakwa kahawia ileile, kana kwamba walitoka kopo moja.

"Preston, hii nini?"

"Nimekusaidia tu, Renita. Wasomaji wangeuliza kavaa nini kichwani."

"Si waulize! Askari wa farasi wa hadithi yako wanavaa masufuria ya chuma, nani kauliza?"

"Ile ni historia."

"Na hii ni nyumbani kwa bibi yangu, kila siku ya Mungu."

Akasema kurasa zinakwenda kwa mchapaji Ijumaa: ziende hivyo, au zisiende kabisa. Nimeomba nafasi katika jarida hilo miaka mitatu, na huu ndio mwaka wangu wa mwisho shuleni.

"Usilie, shoga," alisema Odette, ninayelala naye chumba kimoja bwenini.

"Nani analia? Nawaza."

"Yesu wangu. Wewe ukiwaza, mtu huitwa ofisini."

Nilitoa nakala ya hadithi ya Preston mwenyewe. Kwa unyenyekevu mkubwa nikawapaka mfalme, malkia, askofu na wezi rangi moja ya waridi, mithili ya nyama ya kopo, na wote nikawapa nywele zilezile za manjano. Mfalme alipokwenda kulala, nikamlaza na viatu vya matope juu ya shuka. Jumatano, saa ya chakula cha mchana, kurasa zilikuwa ukutani bwaloni, wanafunzi wamezizunguka.

"Mfalme ni yupi hapa?"

"Huyo mwenye upanga."

"We! Huyo si mkewe?"

Preston alifika na sinia lake mkononi, masikio yamemwiva.

"Umeniharibia kazi! Hakuna anayetofautiana na mwenzake! Na nani analala na viatu kitandani?"

"Wasomaji wangeuliza miguu yake iko wapi," nikasema. "Nimekusaidia tu."

Bwalo zima lililipuka kwa kicheko. Preston hakucheka. Alizitazama zile kurasa, akanitazama mimi.

Mwalimu Pettway, mlezi wa jarida, alizibandua mwenyewe. Akanipa adhabu ya kuosha brashi zote za chumba cha sanaa Alhamisi alasiri.

"Na wewe, Hale, utakaa naye hapo hapo. Kurasa zitoke zikiwa zimekubaliwa na aliyezichora, la sivyo jarida haliendi popote."

Alhamisi nilichora kofia upya kwa wino mzito. Preston akashika brashi, akakohoa.

"Bibi ni kahawia gani?"

Nikamwekea mezani picha ya bibi yangu Verlene, kasimama kwenye ngazi za kanisa na suti yake ya manjano. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko alivyozitazama kurasa zangu zote nane. Akachanganya, akajaribu kwenye kipande cha karatasi.

"Hii?"

"Hapo umempaka jirani."

Akaongeza nyekundu. "Hii?"

"Unakaribia. Huyo ni mdogo wake."

Alitaka kucheka, akaona sicheki, akainama tena. Tone la manjano, tone la buluu.

"Hapo," nikasema. "Mpake polepole. Ukimaliza, tuna kaka mtu."