Hesabu ya Mwalimu Kompasi

Mimi ndiye mpika chai wa ofisi ya walimu. Ukitaka siri za shule, usijisumbue kwa mwalimu mkuu. Muulize anayejaza chupa ya chai.

Somo la utumwa walipewa watu wawili wafundishe pamoja: binti yangu, mwalimu wa historia, na mwalimu wa hesabu, ambaye watoto wanamwita Kompasi kwa sababu ya miguu yake. Kipindi kilikuwa saa nne. Saa tatu na nusu Kompasi akaleta swali lake, kaliandika kwa wino wa rangi mbili, anatabasamu kama bwana harusi.

Binti yangu akalisoma kwa sauti. "Watumwa themanini walitembezwa siku kumi. Kila siku watatu walifia njiani. Walifika wangapi?"

"Hamsini," nikajibu kutoka jikoni. Darasa la saba langu halikupotea bure.

"Unaona?" Kompasi akadakia. "Hata Mama kapata."

Binti yangu hakucheka. "Hao thelathini umewaacha njiani, mwalimu, ukaendelea na hesabu. Siingii darasani na swali hili. Bora kila mtu afundishe lake."

"Mtoto asipohesabu, atajuaje kwamba walikuwa wengi?"

Wakanuniana. Nikawamiminia chai, sukari nikaisahau makusudi. Mtu hata akinuna vipi, sukari ataifuata. Wakaja wote wawili, nami nikalikumbatia kopo la sukari.

"Bibi yangu alikuwa katika hao waliofika," nikasema.

Binti yangu akanikodolea macho. Tangu utoto wake nilimwambia kwamba bibi yule aliletwa huku kuolewa na tajiri, kabebwa kwenye machela. Nilivyoipenda machela ile, kila mwaka niliiongezea pazia.

"Na machela, Mama?"

"Haikuwepo. Alikuja kwa miguu, kafungwa kamba moja na dada yake. Dada hakufika." Nikafuta kopo lililokuwa safi. "Nikiwa shule wenzangu walinitania kwa hilo mpaka nikaacha kwenda mapumziko. Sikutaka nawe utaniwe."

Nilijua atanikasirikia. Badala yake akanishika mkono, pamoja na kopo.

"Alikuwaje, huyo dada?"

"Najua moja tu. Akicheka, kwikwi inamshika. Kama wewe."

Kompasi akalikunja swali lake, akalitia mfukoni. Kengele ikalia, wakanikokota hadi darasani na aproni yangu.

Kompasi akaandika ubaoni: 2 − 1.

"Moja," darasa zima likajibu, likimhurumia mwalimu, huenda anaumwa.

"Ndiyo. Sasa huyu tuliyemtoa alikuwa nani? Muulizeni Bibi huyu wa chai."

Mikono ikajaa hewani. Kopo la sukari bado nimelishika, na ofisini chai yao ilikuwa inapoa. Binti yangu akanisogezea kiti chake, akaniinamia sikioni.

"Kaa, Mama. Ila machela iache nje."