Sauti ya Eulalia

Usingizi unanichukua mezani, kwenye sura ile ile inayonishinda: mama wa riwaya yangu anafungua mdomo na hasemi kitu. Mimi Anselmo Urrutia, mtoto wa Wameksiko niliyezaliwa upande wa Marekani, nimeandika riwaya kadhaa, na kila mwanamke aliyemo huongea kwa sauti ya mama yangu, Eulalia. Mwaka jana alifariki, sauti ikaondoka naye. Bila sauti hiyo sina kitabu, na naogopa kwamba hata mama sina tena.

Basi natembea. Barabara inakatiza mashamba ya vitunguu, inajizungusha, inanirudisha palepale, kisha inanitupa kwenye mto wenye miji miwili inayotazamana kama mtu na kioo chake. Upande huu naitwa Mmeksiko, upande ule naitwa Mmarekani, na miji inabadilishana nafasi kila ninapojibu. Mwanamke asiye na uso ananishika mkono. Namuuliza, Mama yuko upande gani? Ananijibu, Yuko pale mgeni anapopewa jembe siku ya kwanza. Mafumbo ya nini, shangazi? Nina haraka. Mwenye haraka na atangulie, anasema, sisi tunapika.

Jikoni, wanawake wasio na nyuso wamezunguka meza, wanapaka unga wa mahindi uliokandwa juu ya maganda ya mahindi, tamale za Krismasi hizo, na vicheko vinaruka. Wanasimulia, lakini nasikia mvumo tu. Natoa kalamu ili ninase neno, na mvumo wenyewe unakatika. Mjinga mimi! Jikoni kwa Eulalia hakuna aliyesikiliza huku amekaa tu. Aliyetaka hadithi alipaka unga. Huko ndiko nilikojifunza kutunga, kabla ya shule yoyote. Naweka kalamu chini, nachukua ganda, napaka.

Unga mwingi mno, Anselmo, unakandika ukuta? Punguza, nyama ipate pa kukaa.

Ni yeye. Nalia waziwazi huku napaka. Endelea, Mama. Anacheka, anaanza kisa cha mjomba wake aliyevuka mto akiwa amevaa gauni la harusi, na hapo hapo naamka, au nadhani naamka. Jua limejaa mezani. Mke wangu yuko kazini tangu asubuhi, lakini jikoni kuna mtu anacheka, na harufu ya mahindi yanayochemka inanijia. Napaza sauti, Msimalize kisa, nakuja! Najibiwa, Nawa mikono kwanza.

Nayaandika maneno hayo, nayatia mdomoni mwa mama wa riwaya, ndipo naenda kunawa.