Shavu la Mama Nabututu

Dorca aligusa shavu jipya kwa mgongo wa kidole, akasita. Lilikuwa baridi. Tena limevimba, na rangi yake imeanza kuelekea zambarau.

"Mbona unaniangalia kama samaki wa jana?" Mama Nabututu aliuliza kwa upande mmoja wa mdomo. Aliuza mgongo wazi, mifupa ya sangara iliyokaangwa, mtaani Obunga, hadi kansa ilipomla shavu, chai ikawa inamwagika kifuani na wateja wakahamia kwa jirani.

"Tulia, mama. Usiongee."

Kwa miaka kumi na miwili Dorca alikuwa akifunga vidonda vya wadi hii ya Kisumu. Zamani ngozi ya kuziba shavu ilitolewa kwenye paji la uso, naye akizungusha bandeji kichwani hadi shingoni, imara. Wauguzi wapya waliletwa kwake wajifunze. Mwaka huu wa 1986 Daktari Khaemba alikuja na njia nyingine: nyama ya kifua, ikiwa bado na mishipa yake ya damu, hupitishwa chini ya ngozi ya shingo hadi shavuni.

Chini ya ngozi ya shingo.

Dorca aliitazama bandeji aliyoifunga mwenyewe jana. Akachukua makasi, akaikata. Angeweza kuitupa ndooni na kunyamaza. Alikwenda nayo mkononi hadi kwa daktari.

"Ni mimi. Nimeikaba mishipa yake shingoni. Nilifunga kama wale wa zamani."

Daktari Khaemba alikuja mbio. Alilichoma shavu kwa sindano. Tone likatoka jeusi: damu ilikuwa imekwama.

"Kosa ni langu pia," alisema baadaye, taratibu. "Niliwaeleza wanafunzi. Wewe sikukueleza. Tungoje. Likifa, sina lingine la kumpa."

"Mnanong'ona nini?" Mama Nabututu aliuliza. "Nani alinifunga kama kuku wa soko la Awasi?"

"Mimi, mama," Dorca alisema. "Nilikosea."

Mama alimwonyesha kiti kwa kidole. "Basi vuta kiti. Kaa hapa mpaka tujue."

Akakaa. Kila nusu saa alichoma sindano. Jeusi. Jeusi tena. Chai ya saa nne ikaletwa, ikapoa mbele yake.

Adhuhuri, tone lilitoka jekundu, dogo kama punje ya mtama.

"Eh?" Mama Nabututu aliuliza.

Dorca alishika pamba, lakini hakulifuta. Aliliacha lijae, liteleze polepole juu ya shavu, likitafuta njia yake kuelekea kidevuni.